Piesi za ndege za zamani: nani anatoa ruhusa, na kwa karatasi gani?

Kwa miaka mingi watu wa Mubambiro na Sake walizoea kelele ya ndege ndogo zinazotoka Goma kuelekea Walikale. Kule Kilambo zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami, magari yakingoja, zinashusha bidhaa za dukani na kupakia kasiterite ya Bisie. Tangu mwisho wa Januari 2025 ndege za abiria hazitoki tena Goma, lakini ndege za aina hiyo zinaendelea kuruka pengine mashariki ya Kongo, na nyingi ni za zamani. L-410 iliruka mara ya kwanza 1969, Antonov An-2 mwaka 1947.

Uzee peke yake si kosa. Ndege iliyotunzwa inaweza kufanya kazi miaka hamsini. Shida inaanza siku piesi moja inapovunjika na ile mpya haipatikani.

Kwa gari, mekanisie anaenda sokoni, analinganisha piesi kwa macho, ikiingia basi. Kwa ndege hapana. Mkataba wa Chicago wa 1944, pamoja na kiambatisho chake cha 8, unasema kwamba nchi ndege ilipoandikishwa ndiyo inajibu kuhusu usalama wake. Ndege yenye herufi 9Q ubavuni ni ya Kongo, na ofisi inayohusika ni AAC, mamlaka ya anga iliyoko Kinshasa. Sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 ndiyo inaongoza kazi ya anga nchini.

Mkaguzi hatazami chuma tu. Anauliza: nani alichora piesi hii, nani aliitengeneza, nani aliikagua kabla haijatoka? Jibu liko kwenye karatasi inayosafiri na piesi: Ulaya inaitwa Fomu 1, Marekani ni fomu 8130-3. Piesi nzuri kabisa isiyo na karatasi, mbele ya mkaguzi ni chuma tu.

Njia nyepesi ni kiwanda chenyewe. L-410 ina bahati hapo, kiwanda chake cha Kunovice, Ucheki, kingaliko. DC-3 haina: Douglas iliacha kuitengeneza miaka ya 1940, na haki za michoro yake zimepita mikono hadi kufika kwa Boeing. Cessna nayo ilisimamisha ndege zake ndogo za pistoni mwaka 1986, ikaanza tena miaka ya 1990.

Kiwanda kikikosa piesi, kampuni nyingine inaweza kuitengeneza, ila kwanza ionyeshe kwa mamlaka ya nchi yake kwamba piesi yake ni sawa na ile ya asili. Ukitaka kufunga kitu tofauti, kwa mfano moteri ya aina nyingine, hiyo si piesi tena, ni mabadiliko ya ndege, na inadai cheti chake cha nyongeza. Hapo gharama na miezi vinapanda.

Wengi wanaenda kwenye okazio: piesi iliyotolewa kwenye ndege iliyokatwakatwa. Inaruhusiwa, ikiwa atelie yenye kibali imeifungua, ikaipima na kuitia sahihi. Kuna piesi zenye umri uliohesabiwa, kwa masaa au kwa idadi ya kutua. Miguu ya ndege inayotua kila siku juu ya barabara mbovu inachoka upesi, na kama daftari ya masaa imepotea, hakuna anayeweza kusema imebaki na maisha gani. Piesi hiyo inatupwa, hata ikingʼaa.

Marekani yenyewe iliona kwamba masharti haya yanawabana wenye ndege za kale. Mwaka 2022 ilifungua njia nyepesi kwa ndege ndogo ambazo aina yao ilipata cheti kabla ya 1980, lakini kwa piesi ambazo zikiharibika haziwezi kuangusha ndege tu. Ruhusa ya kule haiingii Kongo yenyewe tu: lazima AAC iikubali.

Kwa nini ukali wote huu? Tarehe 8 Septemba 1989 ndege ya Partnair ya Norwe, Convair yenye umri wa miaka 36, ilivunjikia angani karibu na Denmark. Watu wote 55 walikufa. Wachunguzi walikuta mkiani bolti na pini ambazo si za kiwango, zilizoingia bila mtu kujua zimetoka wapi. Bolti, si moteri.

Hapa kwetu uchunguzi mara nyingi hauwafikii wananchi, na makampuni ya Kongo yako kwenye orodha ya Ulaya ya yaliyokatazwa tangu 2006, sababu kubwa ikiwa ni udhaifu wa ukaguzi wa Leta. Maana yake karatasi inaweza kuwepo na bado isitoshe.

Abiria hawezi kufungua moteri. Lakini kifungu cha 29 cha Mkataba wa Chicago kinataka ndege inayovuka mipaka ibebe cheti cha uandikishaji, cheti cha usalama wa kuruka na daftari ya safari. Mwenye kukodi ndege kwa ajili ya bidhaa zake anaweza kuomba kuonyeshwa cheti cha usalama kabla ya kulipa, na kusoma tarehe kinapoishia.