Mwanafunzi wa Udaktari na Dawa za Miti Shamba

Elimu ya miti shamba ni ujuzi wa mimea inayotibu, vipimo vyake na madhara yake. Kwa mwanafunzi wa udaktari si jambo geni: kwinini ilitoka kwenye gome la msinkona wa Amerika Kusini, na artemisini, dawa ya malaria, kwenye mmea wa Artemisia annua. Ugunduzi wa artemisini ulimpa Tu Youyou wa Uchina Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Lakini kuijua mimea iliyokwisha kuwa vidonge hakutoshi. Hapa Pwani, mgonjwa huenda akafika hospitali ameshakunywa muarubaini, habasoda, uwatu au shubiri. Uwatu hushusha sukari. Ukitumiwa pamoja na dawa za kisukari, sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Kitunguu saumu kingi pamoja na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, chaweza kuzidisha hatari ya kutokwa na damu. Shubiri ikimharisha mtu sana hupunguza potasiamu mwilini, na hiyo ni hatari kwa anayetumia digoksini, dawa ya moyo.

Hivyo basi, mwanafunzi ayajue majina watu wanayotumia (muarubaini wengine huuita mkilifi), kisha aulize bila kukemea: "Mama, nyumbani umetumia dawa gani?" Mgonjwa aliyekemewa leo, kesho ataficha. Nawe msomaji, ukiulizwa, sema. Mficha uchi hazai.