Kabla Umwite Mchezaji Msaliti, Soma Hii Stori ya 1960

Wasee, mnakumbuka Jumatatu ya tarehe 1 Septemba 2025? Siku ile dirisha la uhamisho lilifungwa Uingereza. Mimi nilikuwa kwa kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, na kinyozi mwenyewe ameshika mashine mkono mmoja na simu mkono mwingine, anaburuta skrini kila sekunde tano kuona kama Isak ametangazwa. Ikatoka: Alexander Isak, Newcastle kwenda Liverpool, pauni milioni 125, rekodi mpya ya Uingereza. Kabla ya hapo alikuwa amekaa wiki kadhaa bila kuchezea timu, na Agosti alikuwa ameandika kwa Instagram kwamba aliahidiwa kitu na ahadi ikavunjwa.

Pale kwa kinyozi kesi iliamuliwa kwa dakika mbili. Msaliti. Anapenda doo. Hana heshima, ako na kandarasi na anagoma. Mzee mmoja aliyekuwa anangoja zamu yake akasema, "Wachezaji wa zamani hawakuwa hivi. Wa zamani walikuwa watiifu."

Hiyo sentensi ndiyo ilinikwama. Nikaenda kuangalia hao wa zamani. Na wacha niwaambie, mchezaji wa kwanza kugoma mpaka akabadilisha kabumbu lote la Uingereza alikuwa wa Newcastle hiyo hiyo, miaka 65 kabla ya Isak.

Anaitwa George Eastham. Kabla nifike kwake, lazima muelewe mchezaji wa Uingereza wakati huo aliishi aje, juu bila hiyo stori haiingii akilini. Tangu miaka ya 1890 vilabu vilikuwa na sheria moja kali sana: kandarasi yako ikiisha, bado klabu inakumiliki. Hujasoma vibaya. Kandarasi imeisha, lakini usajili wako wanao wao, na wakitaka wanaukalia. Huwezi kuchezea timu nyingine kwa ligi. Na kama wamekataa kukuuza na wewe umekataa kusaini tena, wanaweza kukaa bila kukulipa hata senti. Piga picha umemaliza kazi ya kandarasi pale Industrial Area, bosi anakuambia kazi imeisha na mshahara hakuna, lakini kitambulisho chako nitakaa nacho mpaka nione ni nani nitamuuzia.

Halafu kulikuwa na mshahara wa juu kabisa uliowekwa na ligi. Mwaka 1901 ulikuwa pauni 4 kwa wiki. Kufikia mwisho wa miaka ya 50 ulikuwa pauni 20. Ujaze uwanja watu elfu sitini, uwe staa wa taifa, ni hiyo hiyo 20. Lakini pesa za kuuza wachezaji hazikuwa na kikomo! Mwaka 1905 Alf Common alitoka Sunderland kwenda Middlesbrough kwa pauni 1,000, watu wakashtuka vile walishtuka juzi na 125 milioni. Kwa hivyo soko lilikuwepo, doo zilikuwepo, ila zilikuwa zinatoka klabu moja kwenda nyingine zikimpita mchezaji kando.

Hivyo basi huo utiifu wa wazee wetu tuuangalie vizuri. Mtu akikaa timu moja miaka kumi na tano kwa sababu mlango umefungwa kwa nje, sijui kama tunaweza kuita hiyo mapenzi.

Sasa Eastham. Fundi wa kiungo, mwembamba, mguu wa kushoto. Kufikia 1960 alikuwa amechoka na Newcastle. Alilalamikia nyumba waliyompa, alilalamikia kazi ya kando waliyomtafutia (ndio, staa wa ligi alihitaji kibarua cha kando), akaomba kuhama. Klabu ikakataa. Kandarasi ikaisha, bado ikakataa. Jamaa akafanya kitu ambacho leo kingevunja intaneti: akaacha mpira, akaenda kusini karibu na London, akaanza kufanya kazi kwa rafiki wa familia, kuuza mbao za koki. Mchezaji wa kiwango cha kuitwa timu ya taifa anauza koki. Miezi kadhaa hivyo.

Mwishowe Newcastle wakalegeza, wakamuuza kwa Arsenal kwa pauni 47,500. Hapo mimi ningesema asante Mungu na kuendelea na maisha yangu. Yeye hapana. Akiungwa mkono na chama cha wachezaji, aliwapeleka Newcastle kortini hata baada ya kuhama, na mwaka 1963 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kumshikilia mchezaji namna ile ni kuzuia mtu kufanya kazi yake bila sababu ya haki. Na hapa kuna kitu kidogo nilikipenda sana. Jaji aliitwa Wilberforce, na alikuwa kilembwe wa William Wilberforce, yule mbunge aliyepigania biashara ya watumwa ikomeshwe. Wachezaji walikuwa wamezoea kuziita kandarasi zao za kitumwa, halafu kesi inaangukia hiyo familia. Mtu akiandika hiyo kwa filamu tunasema ametia chumvi.

Ule mshahara wa pauni 20 nao ulikuwa umekufa Januari 1961, baada ya wachezaji chini ya Jimmy Hill kutishia mgomo. Muda mfupi baadaye Johnny Haynes wa Fulham akawa wa kwanza kulipwa pauni 100 kwa wiki. Eastham alikuwa kwenye kikosi cha Uingereza kilichobeba Kombe la Dunia 1966, ingawa hakugusa mpira kwenye mechi hata moja. Alifariki Desemba 2024. Miezi minane na kitu baadaye Isak akatoka Newcastle, na sidhani kuna mtu yeyote pale kwa kinyozi aliyewahi kusikia jina lake.

Ya Bosman wengi mnaijua nusu, kwa hivyo nitaenda haraka. Jean-Marc Bosman, Mbelgiji, kandarasi yake na RFC Liège iliisha 1990. Klabu ikampa mpya yenye mshahara wa robo ya ule wa zamani. Akataka kwenda Dunkerque, Ufaransa, dili ikazuiwa kwa sababu ya pesa za uhamisho, ingawa kandarasi ilikuwa imeisha. Akashtaki. Kesi ilichukua miaka mitano, na tarehe 15 Desemba 1995 korti ya Ulaya pale Luxembourg ikamwambia ana haki. Kuanzia hapo kandarasi ikiisha unaondoka bure. Edgar Davids akaenda Milan kutoka Ajax bila Ajax kupata kitu, Sol Campbell akavuka kutoka Tottenham hadi Arsenal 2001, na Mbappé 2024 akaingia Real Madrid bila PSG kulipwa ada.

Na Bosman mwenyewe? Wakati wa kesi alikuwa anaishi kwa gereji ya wazazi wake. Baadaye pombe, msongo wa mawazo, kufilisika. Wengine wakaomoka kwa jina lake. Kila ukisikia mchezaji "ameenda bure," kuna mtu Liège aliyeilipia.

Tuje nyumbani sasa, juu najua kuna msee anasema hayo ni ya wazungu.

Februari 2010. McDonald Mariga ako Parma, Manchester City wanamtaka, Kenya nzima tumeshajichagulia City kama timu ya mtaa. Dili ikakwama kwa kibali cha kazi. Waingereza walikuwa na sharti kwamba nchi yako iwe ndani ya 70 bora za FIFA, na Harambee Stars, mnaijua wenyewe, haikuwa karibu. Mariga hakuwa na kosa. Alikuwa anabebeshwa mzigo wa nchi nzima, pamoja na maafisa wote waliowahi kuharibu mpira wetu. Dirisha hilo hilo akaenda Inter kwa Mourinho. Miezi mitatu na kitu baadaye, Mei 22, alikuwa benchi Madrid kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, Inter wakaipiga Bayern 2-0, na akarudi na medali. City walimaliza nambari tano. Nakumbuka vile tulilia siku ile ya kibali. Mlango uliofungwa usoni ndio ulimpeleka kwenye medali, na hakuna mchambuzi hata mmoja aliyekuwa ametabiri.

Kaka yake mdogo, Victor Wanyama, ni stori tofauti. Alipohamia Tottenham 2016 watu walisema ni jina kubwa na mshahara. Lakini angalia nani alikuwa kocha: Pochettino, yule aliyekuwa naye Southampton mwaka wa kwanza alipotoka Celtic. Kuna wachezaji wanafuata klabu, kuna wanaofuata mtu mmoja anayewaamini. Sisi mashabiki hii hatuihesabu kabisa kwa sababu haina bei ya kuandika kwenye bango.

Halafu Olunga. Hapa ndipo tulikosana na mabeshte wangu kwa grupu ya WhatsApp mpaka mmoja akatoka. Fuata safari yake: Gor Mahia 2015, Djurgården ya Sweden 2016, China 2017, mkopo Girona ambako alitoka benchi na kufunga mabao matatu dhidi ya Las Palmas Januari 2018. Japani, Kashiwa Reysol: timu inashuka daraja, anabaki nayo, anafunga mabao manane kwenye mechi moja (13-1, Novemba 2019, itafuteni), wanapanda, na 2020 anafunga 28, mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi yote. Januari 2021, miaka 26, anaenda Al-Duhail, Qatar.

Kenya ikalia. Ati amejiuza. Ati amezika kipaji jangwani, angeenda Ulaya.

Ulaya gani, hasa? Mwezi huo huo Uingereza ilikuwa imeanza mfumo mpya wa vibali baada ya Brexit, wa kuhesabu pointi, na mechi za taifa zinakupa pointi kama nchi yako iko ndani ya 50 bora. Sisi tulikuwa karibu na nambari 100. Ulaya kwingine alikuwa ameshakanyaga, na Girona hawakumbakisha hata baada ya yale mabao matatu. Miaka 26 kwa mshambuliaji ni kama saa nane mchana, jua bado liko lakini linashuka. Na huyu ni jamaa aliyesomea uhandisi Technical University of Kenya huku anacheza, kwa hivyo hesabu anazijua. Mwaka huo huo wa 2021 alikuwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa ya Asia, mabao tisa. Kama hiyo ni kuzikwa, na mimi nizikwe.

Sasa niseme kitu changu, juu sijaandika hii yote kwa ajili ya Isak.

Kuna jamaa wa mtaa wetu, jina nitaliacha, alikuwa anacheza ligi yetu ya juu. Beki. Watoto wadogo walikuwa wanambebea begi. Miaka michache iliyopita akahama kwenda timu pinzani, katikati ya msimu, na mimi nikaandika posti. Niliandika kwamba ameuza jezi kwa sahani ya wali. Watu wakacheka, ilipata laiki kuliko chochote nilichokuwa nimeandika. Baadaye dadake, tulisoma naye, akaniuliza kwa upole kabisa kama ninajua alikuwa amekaa miezi mingapi bila mshahara. Ilikuwa minne. Mwenye nyumba alikuwa amefunga mlango kwa kufuli. Mtoto alikuwa na miezi saba.

Mimi nilijua bei ya Isak hadi pauni ya mwisho. Ya beki wa mtaani kwetu sikujua hata kama analipwa.

Na si yeye peke yake. SportPesa walipoondoa udhamini 2019, ligi yetu ilibaki imeshika tumbo. Francis Kahata alikuwa ametoka Gor kwenda Simba mwaka huo, Joash Onyango akamfuata 2020. Tulisema wanapenda Dar. Hakuna aliyeuliza kwa nini kijana wa Nairobi, timu yake ndiyo bingwa wa nchi, anaona afadhali avuke mpaka.

Sisemi kila anayehama ni Eastham. Kuna wanaofuata doo tu, na hata hao mimi siku hizi sina nguvu ya kuwatukana, maana goti moja likienda kazi imeisha na hakuna shabiki atakuja na chakula hospitalini. Sisemi pia klabu haina haki. Newcastle walikuwa na kandarasi ya Isak hadi 2028, na walipigania bei mpaka siku ya mwisho. Hiyo ni sawa. Eastham kandarasi yake ilikuwa imeisha, hiyo ndiyo tofauti, na ni tofauti kubwa.

Ile posti niliifuta, lakini watu walikuwa wameshapiga picha ya skrini, bado inazunguka. Jamaa alistaafu na anafundisha watoto mpira Jumamosi asubuhi. Nilienda wiki mbili zilizopita nikamtafuta. Aliniangalia, akanipa koni sita za mazoezi nizipange upande wa pili wa uwanja, nikazipanga. Ya posti hatujaongea bado.