Wazamiaji wa Kaskazini: Historia ya Miamba ya Matumbawe kutoka Mto Tana hadi Kiunga

Kaunti ya Garissa haina ufuo wa bahari, lakini historia ya bahari ya kaskazini mwa Kenya haikamiliki bila kuitaja. Mto Tana, ambao ndio mrefu kuliko mito yote ya nchi na hukadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 1,000 hivi, hupita ukingoni mwa mji wa Garissa ukiwa umebeba udongo wa nyanda za juu, kisha huteremka kupitia Hola na Garsen hadi kumwaga maji yake katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Kipini. Upande wa mashariki, msitu wa Boni ulioko Ijara, katika kaunti hiyo, husonga mbele kuelekea pwani ya Kiunga, ambako wenyeji wameizamia miamba ya matumbawe kwa karne nyingi. Historia ya uzamiaji huo ilianza na kazi ya riziki na ya ujenzi, ikafikia kazi ya kujitolea ambayo shabaha yake ni kuwachunguza viumbe wa mwambani na kuwaeleza watu wengine habari zao. Historia hiyo yathibitisha kwamba elimu ya kitaalamu kuhusu miamba ya kaskazini ilijengwa juu ya ujuzi wa wavuvi, na kwamba usalama wa miamba hiyo hutegemea bara sawasawa na bahari.

Tumbawe ni jengo la chokaa linalojengwa na wanyama wadogo sana wanaoishi kwa makundi, na ndani ya miili yao hukaa mwani wa chembe moja ambao hutumia nuru ya jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Kwa kuwa mwani huo hauishi pasipo nuru, matumbawe hustawi katika maji maangavu na ya vuguvugu, na hufa yanapofunikwa na tope. Ndiyo sababu mwamba unaoandamana na ufuo wa Kenya kwa kilomita 200 hivi, kutoka mpaka wa Tanzania hadi Malindi, hukatika kaskazini mwa Malindi, ambapo Mto Sabaki na Mto Tana huyatia maji wekundu wa udongo. Mamilioni ya tani za mchanga na tope hupita Garissa kila mwaka, na Ghuba ya Ungwana imekuwa malisho ya kamba wadogo wapendao matope badala ya kuwa nchi ya matumbawe. Miamba huanza tena kuonekana katika visiwa vya Lamu, kisha huendelea vipande vipande hadi Kiunga, sambamba na msururu wa visiwa vidogo vya mawe ya chokaa.

Miamba hiyo ya kaskazini haifanani na ile ya kusini. Katika msimu wa kaskazi, ambao huanza takribani mwezi wa Novemba na kumalizika Machi, mkondo wa bahari unaotoka Somalia hukutana na mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unaopanda kutoka kusini, na maji baridi yenye rutuba nyingi huinuka kutoka vilindini. Rutuba hiyo hulisha samaki kwa wingi, lakini hulisha pia mwani wa baharini ambao hushindana na matumbawe kwa nafasi, na kwa hiyo aina za matumbawe hupungua kadiri mtu anavyoelekea kaskazini. Msimu wa kusi unapowadia, mawimbi huwa makali kiasi kwamba vyombo vidogo havithubutu kutoka nje ya mwamba, na elimu yote ya wazamiaji wa eneo hilo imepangwa kwa kalenda ya pepo hizo mbili, pamoja na ile ya bamvua na maji mafu.

Ushahidi wa zamani zaidi wa kazi ya watu katika miamba hii umo ndani ya kuta. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa na Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, kuanzia mwaka 1980, ulidhihirisha kwamba mji huo ulikaliwa tangu karne ya 8 hadi mwanzoni mwa karne ya 15, kwamba majengo yake ya mwanzo yalikuwa ya miti na udongo, na kwamba kufikia karne ya 10 wajenzi walikuwa wameanza kutumia matumbawe ya jamii ya Porites. Jiwe la aina hii hukatwa baharini likiwa hai, nalo wakati huo huwa laini, huchongeka kwa urahisi, na huwa gumu likishakauka. Wachongaji walilitumia kwa mihirabu, kwa miimo ya milango na kwa zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa ukutani katika nyumba za waungwana wa Lamu na Pate. Kazi hiyo haikuwezekana bila watu waliojua ni mwamba gani unaotoa jiwe zuri, na namna ya kuling'oa chini ya maji na kulipandisha chomboni.

Warithi wa ujuzi huo ni Wabajuni, ambao makao yao yanaanzia visiwa vya Lamu na kuendelea kaskazini hadi karibu na Kismayu. Mbinu yao iliyowastaajabisha wageni kuliko zote ni ile ya kuvua kasa kwa kutumia chazo, samaki mwenye kibandiko utosini, ambaye hufungwa kamba mkiani na kuachiliwa karibu na kasa: chazo hujibandika gambani, mvuvi huvuta kamba polepole, na mzamiaji huruka majini kumkamata kasa kabla hajajinasua. Kasa sasa wamelindwa na sheria, lakini kamba wa mwambani wanaendelea kuvuliwa kwa kuzamia, hasa na wavuvi wa Kizingitini, Faza na Kiunga. Mzamiaji huvuta pumzi moja tu, hushuka hadi kwenye pango, na huingiza pweza aliyefungwa kwenye kijiti, kwa maana pweza ni adui wa kamba, na kamba amwonapo hutoka mafichoni kwa hofu. Kamba jike mwenye mayai hapaswi kuchukuliwa kwa mujibu wa sheria ya uvuvi, na mzamiaji aweza kumtambua na kumwacha palepale, jambo ambalo nyavu haziwezi.

Maisha ya wazamiaji hao hayakutengana na bara. Bandari ndogo za pwani hiyo zilipokea ng'ombe, ngozi na pembe za ndovu kutoka kwa Waorma, Wasomali na Waaweer, ambao kijadi walikuwa wawindaji na walina asali wa msitu wa Boni, nazo zilipeleka bara nguo, nafaka na bidhaa za ng'ambo. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, na mpaka uliochorwa ukawagawa Wabajuni: visiwa vya Chula, Chovai na Koyama vikabaki upande wa pili, ilhali Kiunga ikawa kituo cha mwisho cha Kenya. Pigo zito zaidi lilikuja na vita vya Shifta kati ya mwaka 1963 na 1967, ambapo mapigano ya iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini yalienea hadi pwani, na vijiji vya Wabajuni vilivyokuwa bara vikahamwa. Wengi walikimbilia visiwani, wengine wakaenda Malindi na Mombasa, na ujuzi wa miamba ya nyumbani ukatawanyika pamoja na wenyewe.

Wakati huohuo, elimu ya kitaalamu ilikuwa ikikua kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 Cyril Crossland aliichunguza miamba ya Unguja, Pemba na pwani ya bara, lakini mtafiti wa enzi hiyo aliuona mwamba zaidi maji yalipokupwa. Mabadiliko makubwa yalitokea mwaka 1943, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walipobuni nchini Ufaransa kifaa kinachompa mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi kwa kadiri anavyopumua. Baada ya hapo Kenya ilianzisha hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968, ambazo zilikuwa za kwanza nchini. Upande wa kaskazini, hifadhi za Boni na Dodori zilitangazwa mwaka 1976, ile ya Boni ikiwa katika eneo la Ijara, na mwaka 1979 ikafuata Hifadhi ya Bahari ya Kiunga yenye ukubwa wa kilomita za mraba 250, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 1980 katika orodha ya maeneo ya kimataifa ya viumbe hai. Tofauti na Malindi na Watamu, ambako uvuvi umekatazwa kabisa ndani ya eneo la kati, Kiunga iliruhusu uvuvi wa kienyeji, na kwa hivyo ilimwacha mzamiaji mahali pake.

Desturi ya kuzamia kwa kujitolea, yaani kwenda chini ya maji kuhesabu na kuandika bila kuvua na bila malipo ya samaki, ilistawi Afrika Mashariki katika miaka ya mwisho ya karne ya 20. Kuanzia mwaka 1989, wazamiaji wa kujitolea waliofanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chini ya mradi wa Frontier Tanzania walichunguza miamba ya Mafia na Songo Songo, na taarifa zao zilisaidia kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995. Huko Unguja, mwamba wa Chumbe ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na wavuvi wa zamani wakafundishwa kuwa walinzi na walimu wa wageni. Mwaka 1997 shirika la Reef Check liliendesha uchunguzi wake wa kwanza wa miamba katika nchi nyingi, ukifanywa na wazamiaji wa kujitolea wakishirikiana na wanasayansi.

Njia yenyewe ni rahisi kueleza, ingawa huhitaji subira. Mzamiaji hutandaza utepe wa kupimia juu ya mwamba, kisha hufuata utepe huo kwa ukaribu, akiandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki kila kilichomo chini yake na sentimita alipoanzia na alipoishia: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga au jiwe tupu. Mwenzake hupita juu akihesabu changu, pono, kangaja na tewa walio ndani ya mita kadhaa za upana. Kipimo kimoja hakisemi mengi, bali thamani yake huonekana kinaporudiwa mwaka hadi mwaka, kwa kuwa hapo ndipo mwamba unaopona hutofautishwa na unaokufa.

Mwaka 1998 ulithibitisha umuhimu wa kazi hiyo. Joto la bahari lililoletwa na El Niño liliyafanya matumbawe ya Bahari ya Hindi kuufukuza mwani wake na kuwa meupe, hali iitwayo kupauka, na katika sehemu nyingi za Kenya zaidi ya nusu ya matumbawe hai yalikufa. Mwaka 1999 ilianzishwa CORDIO, taasisi ya utafiti ambayo kituo chake cha Afrika Mashariki kiko Mombasa. Katika Kiunga, uchunguzi wa kila mwaka ulioanza mwaka wa maafa, 1998, uliwaunganisha wanasayansi, askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, maofisa wa uvuvi, shirika la WWF, na wavuvi wenyeji. Mwanasayansi alileta utepe na majina ya Kilatini, naye mvuvi alijua mwamba ulipo, mkondo uendako na siku ambayo maji yangekuwa safi, na pasipo mchango huo wa pili ule wa kwanza usingefika popote.

Elimu hiyo haikubaki majini. Wenyeji walihesabu viota vya kasa na kulinda mayai, na wanawake wa vijiji vya hifadhi walikusanya malapa yaliyoletwa na mawimbi ufukweni, wakayachonga kuwa vinyago vya samaki na kasa. Mpango huo ulioanza Kiunga mwishoni mwa miaka ya 1990 umekuwa biashara inayojulikana ulimwenguni. Ukosefu wa usalama baada ya mwaka 2011 ulisitisha utalii wa kisiwa cha Kiwayu na kuzuia uvuvi wa usiku kwa miaka kadhaa, hivyo safari za uchunguzi zikawa ngumu. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, ilichimbiwa njia ya meli karibu na miamba ya Manda. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari hiyo, na ushahidi wa watu wanaoifahamu miamba ukapata uzito wa kisheria.

Barabara na mipango ya bandari hiyo inapita Ijara na Garissa, na mabwawa yaliyojengwa juu ya Tana, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, yamebadilisha mafuriko na udongo unaofika baharini. Jamii za Ijara zimekwisha kuonyesha uwezo wao huko Ishaqbini, ambako wafugaji wenyewe wametenga ardhi kumlinda hirola, paa aliye hatarini kutoweka duniani. Kazi iliyobaki ni kuziunganisha hifadhi ya Ishaqbini na ile ya Kiunga kwa elimu: shule na vyuo vya Garissa vifundishe habari za mwamba ambao mto wao huulisha au huuzika, wazamiaji wa Kiunga wapewe vifaa na usalama wa kurudia vipimo vyao kila mwaka, na serikali za kaunti za Garissa, Tana River na Lamu zipange matumizi ya Mto Tana kwa pamoja. Anayekata miti ukingoni mwa mto huo na anayezamia Kiunga wanashughulikia mali moja, na ni haki ya kila mmoja wao kuijua kazi ya mwenzake.