Profaili ya rangi
Profaili ya rangi ni maelezo yanayohifadhiwa ndani ya faili la picha ili kila programu ijue namba zake zinamaanisha rangi ipi hasa. Viwango vyake husimamiwa na muungano wa kimataifa wa rangi, ICC (International Color Consortium), ulioundwa mwaka 1993. Nafasi ya rangi (wigo wa rangi unaotajwa na profaili) ya sRGB, iliyozoeleka kwenye simu na intaneti, ilibuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996.

Picha ya alizeti iliyopigwa Mkiwa, mkoani Singida, ikihifadhiwa kwa nafasi nyingine ya rangi, Adobe RGB, kisha ikafunguliwa na programu isiyosoma profaili, manjano ya ua hufifia na kijani cha majani hupauka zaidi, ingawa faili halijaguswa. Dawa ni kuigeuza kuwa sRGB kabla ya kuituma. Kuibandika tu jina la sRGB bila kubadili namba zake, kosa la kila siku, hakusaidii. Picha hiyo ikichapishwa kwenye bango, wino wa uchapaji wa CMYK huitoa manjano vizuri. Lakini kijani kikali kinachoonekana kwenye kioo cha simu, wino huo haukifikii.