Safu ya Lugha: Kuhariri na kubadilisha

Wilaya ya Kyerwa ilipomegwa kutoka wilaya ya Karagwe mwaka 2012, orodha za kata zilihitaji kurekebishwa. Anayeendesha amri ya sed, s/Karagwe/Kyerwa/g, inayoweka Kyerwa kila palipo na Karagwe, husema amehariri faili. Hapana, amebadilisha tu. Kuhariri, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kusoma, kupima na kusahihisha. Kubadilisha ni kutoa hiki na kuweka kile. Sed, programu aliyoiandika Lee McMahon wa Bell Labs miaka ya 1970, haijui kwamba kata ya Murongo iko Kyerwa na ya Kayanga imebaki Karagwe. Itageuza hata jina la Chama Kikuu cha Ushirika Karagwe, ambacho wakulima wa kahawa wa wilaya zote mbili wanakitegemea. Mhariri angeliacha jina hilo. Afadhali kuandika /Murongo/s/Karagwe/Kyerwa/, iguswe mistari yenye Murongo peke yake.