Hongo ya Ugogo: Riwaya za Pwani Mbele ya Msomaji wa Majengo

Katika karne ya 19 haukuwapo msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ukapita Ugogo bila ya kutoa hongo. Watemi wa nchi ile walikuwa na visima, na nyuma ya msafara ilikuwa nyika kavu ya Marenga Mkali. Kwa hiyo merikani, kaniki na shanga zilitandazwa mbele yao, wakazitazama, wakazikataa, wakataka nyengine. Burton aliyepita mwaka 1857 alilalamika, na Stanley aliyepita mwaka 1871 akalalamika zaidi. Hata Waswahili wenyewe, ambao habari za safari zao zilikusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, waliitazama bara kwa jicho la mpita njia. Mgogo alikuwa mtu wa kusimuliwa. Hakuwa bado mtu wa kukisoma alichosimuliwa na kusema: hapa mwandishi umesema kweli, na hapa umetudanganya.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na njia ya wapagazi ikawa njia ya garimoshi. Ndani ya mabehewa hayo, baada ya miaka mingi, ilisafiri bidhaa ambayo watemi wa zamani hawakuijua: riwaya ya Kiswahili. Ilitoka Unguja, Dar es Salaam na Nairobi, ikashuka stesheni ya Dodoma pamoja na chumvi na vitambaa, ikafika mpaka Majengo, mtaa ambao wengi wanaujua kwa soko lake. Huko, kama katika miji mingi ya bara, kitabu kikuukuu hutandazwa juu ya gunia karibu na mitumba, na hununuliwa na mtu asiyekuwa na mtihani wa kufanya. Mtu huyu hajawahi kupewa nafasi yake katika historia ya fasihi yetu. Wahakiki wameandika juu ya waandishi, juu ya wachapishaji, juu ya itikadi. Msomaji wa hiari, anayesoma kwa taa usiku na kusema rai yake asubuhi, amekuwa kama mpagazi: amebeba mzigo wote, na jina lake halimo katika kitabu cha safari.

Kwamba bara lilikuwa na masikio ya kuisikia lugha ya pwani, ushahidi wake ni marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, karibu na Dodoma, na kufariki mwaka 1969. Wapenzi wa ushairi wa Visiwani wanamjua kwa Diwani ya Mnyampala ya mwaka 1963, na kwa ngonjera, ambazo zilitoka katika vitabu viwili mwaka 1970 na 1971 naye keshatangulia. Wanaomkumbuka kwa nathari ni wachache, ingawa aliandika historia na mila za Wagogo iliyochapwa mwaka 1954, na Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili mwaka 1961. Tawasifu yake, Maisha ni Kugharimia, ilingoja hadi mwaka 2013. Lakini katika maisha yake kuna jambo moja linalofaa kushikwa hapa kuliko yote: mtu huyu alikuwa hakimu. Mchana alisikiliza nani kamdhulumu nani; usiku alipanga vina. Na namna ya kusoma riwaya iliyoenea barani ina harufu ya baraza la hakimu kuliko ya darasa la fasihi.

Msomaji wa kawaida haulizi kama msuko ni wa moja kwa moja au wa rejea. Huuliza: nani mwenye kosa? Humleta mhusika mbele ya watu, humsomea mashitaka, humtafutia wakili, na aghalabu hukumu haipatikani siku hiyo. Wasomi wameiita tabia hii uchanga wa kusoma. Yumkini ni kinyume chake, kwani mwandishi mwenyewe alipoandika alikuwa na kesi moyoni, wala hakuwa na mchoro wa msuko.

Mfano wa kwanza ni wa Visiwani. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la kuandika hadithi lililoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, na Mzimu wa Watu wa Kale ukatoka mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake akaingia bara bila ya pasi. Hakuna haja ya kudai kwamba kila alichokisema kilieleweka. Ilipofuata Kisima cha Giningi, mwaka 1968, msomaji wa Unguja alilijua jina hilo tangu utotoni, kuwa ndiko wachawi wanakokutana usiku. Msomaji wa nyika alilikuta jina tupu, akalipa maana kutokana na woga wa watu waliomo kitabuni. Akalifahamu kwa njia ya mzunguko, na labda akaogopa vizuri zaidi. Ilipofika Mwana wa Yungi Hulewa, mwaka 1976, hata jina la kitabu lilikuwa fumbo. Hata hivyo vitabu hivi vilisomwa mpaka vikapoteza majalada, kwa sababu Bwana Msa anafanya kile ambacho baraza lolote hukitaka: anasikiliza kila mtu, anawaacha waongo waseme mpaka wajifunge wenyewe, kisha ndipo anapotamka.

Halafu likaja wimbi la kisomo. Mwaka 1967 ilikadiriwa kwamba watu wazima wawili katika kila watatu nchini hawakujua kusoma. Mwaka 1986 takwimu za serikali zilisema wasiojua hawafiki 10 katika 100. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1973, ikaamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Watu hawa wote waliotoka katika madarasa ya jioni walitaka kitu cha kusoma baada ya kanuni za kilimo cha pamba, na aliyewapa hakuwa profesa. Faraji Katalambulla alikuwa ameshatoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Mwaka 1974 Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona, na mpelelezi wake Willy Gamba akawa kijana wa kila mtaa. Ben Mtobwa akafuata na Joram Kiango wake. Katika chuo kikuu vitabu hivi vilitazamwa kwa jicho la shaka: ni vya ngumi na bastola, vimeiga ughaibuni, havijengi taifa. Rajmund Ohly, aliyevichunguza kwa makini katika kitabu chake cha mwaka 1981, alikuwa miongoni mwa wachache waliokubali kwamba jambo linalosomwa na wengi kiasi hicho linastahili kuulizwa sababu yake.

Sababu haikuwa ngumu. Willy Gamba alipanda ndege, akalala hotelini, akashika simu na ikalia. Kwa mtu ambaye garimoshi la Dar es Salaam lilikuwa safari ya mwaka, hiyo ilikuwa habari ya dunia. Wala si kweli kwamba msomaji alimeza kila kitu. Msomaji wa riwaya ya kipelelezi ndiye mkali kuliko wote katika kuhesabu: risasi ngapi zimo katika bastola, mtu alifikaje kabla ya mwenziwe, mbona mlango ulikuwa umefungwa. Mshairi anayehesabu mizani anapaswa kumtambua ndugu yake.

Kesi kubwa kuliko zote ilikuwa ya Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe aliyezaliwa mwaka 1944, aliitoa mwaka 1971, na muda si muda ikapigwa marufuku katika skuli. Wakubwa walisema kinafundisha uchafu. Kitabu chenyewe kinasimulia habari za binti aliyelelewa chini ya kiboko cha baba mlevi, akakatazwa hata barua ya mvulana, kisha akapelekwa masomoni ambako hapakuwa na kiboko wala mtu wa kumwambia dunia ilivyo. Kilichofuata ni maangamizi. Sasa, riwaya iliyopigwa marufuku skuli haipotei. Hutoka darasani ikaingia mtaani. Hapo ndipo wasomaji wa hiari walipoisoma kama kesi, na kesi ilikuwa hii: mshitakiwa ni Rosa au ni Zakaria, baba yake?

Mtu mmoja atasema binti kajiharibu mwenyewe, kwani wangapi walipigwa na hawakupotoka. Mama mmoja atamjibu kwamba mzazi asiyezungumza na mwanawe amemtupa tangu akiwa ndani ya nyumba. Na swali hilo, lililosomwa kama la maadili ya msichana, likawa ni swali la malezi, la walimu, na la wanaume wenye vyeo. Mwandishi hakutaka zaidi ya hayo. Marufuku ile ilidhani kwamba msomaji ni chombo kitupu, humiminiwa uchafu kikachafuka; haikudhani kwamba msomaji ni hakimu. Miaka ilipopita, kitabu kile kile kikaingizwa katika vitabu vya kufundishia sekondari. Wakubwa wa elimu walifika, kwa kuchelewa, pale ambapo mabaraza ya mitaani yalikwishafika bila ya mtaala. Marehemu Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, aliishi kuyaona yote mawili.

Si kila hukumu ya bara ilikuwa ya haki. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978, ina mtumishi Kijakazi, ambaye hata Mapinduzi yanapokuja moyo wake umefungwa kwa bwana aliyemtesa. Ni rahisi kwa mtu aliyekulia Ugogo, ambako hakukuwa na shamba la karafuu wala kasri, kumwona Kijakazi mjinga na kufunga kesi. Mzaliwa wa Unguja anajua kwamba ujinga ule uliandaliwa vizazi kwa vizazi, kama mkeka unavyosukwa ukili baada ya ukili. Hapa kitabu kinamdai msomaji badala ya msomaji kukidai kitabu. Kwa upande wa pili, Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka mwaka 1973, ilisafiri kutoka mbali zaidi na kufika karibu zaidi: mkulima anayelitazama anga, anayepoteza mbegu kwa mvua isiyo na adabu, hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa katika nchi ya uwele na mtama. Watu wa pwani, waliozoea kujihesabu kuwa wenyeji wa Kiswahili chote, wangefaidika kulifikiri hilo. Kuna riwaya za Kiswahili ambazo wao ndio wageni ndani yake.

Miaka ya mwanzo ya 1980 karatasi ilikuwa adimu kama sukari. East African Literature Bureau ilikuwa imekwisha pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na vitabu vyake vingi havikuchapwa tena kwa wakati. Nakala moja ikawa na kazi ya nakala ishirini. Aliyewahi kushika kitabu cha zama zile anajua: kimeshonwa kwa uzi wa gunia, kurasa mbili za mwisho hazimo, na pembeni mwa ukurasa kuna mwandiko wa penseli unaomwonya mhusika asiende huko anakokwenda. Kukosekana kwa kurasa za mwisho kulikuwa na faida yake, maana mwisho ulibidi usimuliwe na yule aliyeusoma kabla hazijachanika, na kila msimuliaji alikuwa na mwisho wake.

Leo mambo yamegeuka kwa namna nyengine. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa mwaka 2007, mji ukawa jiji mwaka 2018, na riwaya inayouzika zaidi ni ile iliyomo katika orodha ya mitihani. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, imesomwa na maelfu ya vijana wa bara kwa sababu waliamrishwa. Si dhambi. Ila kijana aliyeamrishwa hufundishwa kutaja dhamira tano na mbinu tano za kisanaa, na hapewi alama hata moja kwa kusema kama Yasmin alifanya haki kumkimbia Bwana Raza. Orodha ikibadilika, kitabu huanguka kama embe lililokatwa kikonyo. Bwana Msa hakukatika hivyo. Na ajabu ya hukumu za mitaani ni kwamba wakati mwengine hushinda hata rufaa: Mfadhili ya Hussein Tuwa, mwandishi wa riwaya za kusisimua za aina ile ile iliyodharauliwa zamani, imewahi kuwamo katika orodha ya kidato cha tano na sita.

Mwaka 2022 Peponi ilitoka Dar es Salaam, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Ni habari za msafara. Kijana Yusuf anatoka pwani na tajiri wake kwenda bara, wanalipa hongo njiani, na mwisho wanafika kwa mtemi Chatu, ambaye anaizuia bidhaa yao yote. Wafanyabiashara wanamwita mwizi. Yeye anasema kwamba waliomtangulia hawa ndio waliomwibia kwanza, naye anachukua kilicho chake. Kisha anatokea Mjerumani na kuamua shauri lote kwa neno moja. Kwa kuwa riwaya iliandikwa kwa Kiingereza mwaka 1994, kesi hiyo ilikwishasikilizwa London na Stockholm. Majengo ndiyo kwanza jalada linafunguliwa, na wa kwanza kuitwa atoe maelezo yake ni Chatu.