Faharasa: Kompyuta Inatafuta Wapi?

Mtafiti anayetaka tenzi za Lamu hufungua hifadhidata ya maktaba, akaandika “utenzi”, akapata matokeo machache, kisha akaamini kwamba hakuna zaidi. Yapo zaidi. Waamu husema utendi, na waliokusanya miswada yao mara nyingi waliandika hivyo hivyo. Kompyuta haikukosea: iliulizwa neno moja, ikajibu kwa neno hilo.

Chanzo cha hali hii ni kitu ambacho wataalamu wa kompyuta hukiita indeksi, na ambacho Kiswahili kina jina lake, faharasa. Tunalifahamu kutoka kurasa za mwisho za vitabu. Kiarabu kililitoa Kiajemi, na mwaka 987 Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad, alikiita Al-Fihrist kitabu chake kilichoorodhesha maandishi yaliyokuwapo kwa Kiarabu. Wako wanaopendelea “kielezo”, lakini neno hilo limesongana na kielezi cha sarufi na kielelezo cha mchoro. Kwangu faharasa ndiyo istilahi inayofaa, kwa sababu kazi ni ile ile: orodha ya maneno, na mbele ya kila neno mahali linapopatikana.

Unapobonyeza kitufe cha kutafuta, mashine haianzi kusoma nyaraka. Zilikwisha kusomwa zamani, zikakatwa neno kwa neno, na kila neno likaandikiwa nyaraka zilizo nalo. Swali lako linapelekwa kwenye orodha hiyo. Herufi zikilingana unapata, zisipolingana hupati, hata kama maana ni moja.

Sasa fikiria hati za visiwa vya Lamu. Mji wenyewe ni Amu kwa wenyeji, Lamu kwenye ramani, na Lamoo katika baadhi ya barua za Waingereza wa karne ya 19. Miji jirani nayo ni hivyo hivyo: Siyu ni Siu, Shela ni Shella, Faza ni Paza, Pate ni Patta. Mwandishi mashuhuri wa khati, aliyewanakilia miswada wataalamu wengi wa Ulaya, ni Kijuma mahali pamoja na Kijumwa mahali pengine. Kwa jina kama hili kinyota (*), kinachosimamia herufi zozote, husaidia sana: andika Kijum* na mifumo mingi itakuletea yote mawili. Inkishaf* nayo itaukusanya utenzi wa Inkishafi, uwe umeandikwa Inkishafi au Inkishaf.

Ila kinyota kina kikomo, na hapa Kiswahili kinahitaji uangalifu wa pekee. Zana hizi zilitengenezwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Letu hubadilika mbele: mvuvi, wavuvi, uvuvi, wanaovua. Mifumo mingi haikubali kinyota mwanzoni mwa neno, kwa hiyo orodhesha maumbo mwenyewe na uyaunganishe kwa OR ya herufi kubwa: mvuvi OR wavuvi OR uvuvi. Ongeza na lahaja, ndia pamoja na njia, nti pamoja na nchi.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni mfano mzuri wa kujifunzia. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934, jalada lilibeba jina la Kiingereza lenye maana ya wasia. Anayetafuta utendi anaweza kuupita bila kuuona. Tafuta “Mwana Kupona” ndani ya alama za kunukuu ili maneno hayo mawili yakae pamoja, kisha rudia kwa Mwanakupona, neno moja.

Lipo tatizo kubwa kuliko tahajia. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, iliyopigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini (namba yake ni EAP466), ni picha za kurasa za khati ya Kiarabu. Usitarajie neno lililo ndani ya ukurasa wa picha liwemo kwenye faharasa. Kinachotafutwa ni maelezo yaliyoandikwa na mworodheshaji: kichwa, mtunzi, mnakili, mwaka, mahali. Basi tafuta kama yeye alivyofikiri, si kama mtunzi alivyosema. Jaribu Riyadha, halafu Riyadh, halafu namba yenyewe.

Kwa hukumu za mahakama na mabaraza ya rufaa mambo ni kinyume: maneno ya ndani yamo, lakini kwa Kiingereza. Uamuzi wa Juni 2019 uliofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe Lamu hautapatikana kwa “makaa”. Andika “Save Lamu”, jina la walalamikaji, na mwaka.

Nawaomba wanaoorodhesha miswada ya visiwa hivi: katika sehemu ya maelezo andikeni utendi na utenzi, Siyu na Siu, Kijuma na Kijumwa, na vichwa kwa herufi za Kiarabu kama vilivyo kwenye karatasi. Mtafutaji hawezi kukisia yote, na kisichoandikwa kwenye faharasa hakipatikani.